Kuunga printa ya mtandao kwa mkono: anza na anwani, draiva baadaye

Kama kompyuta imetafuta printa weee, kale kaduara kanazunguka tu, mwisho inakwambia haijaona kitu, na printa yenyewe iko hapo mbele yako inawaka taa ya kijani, basi acha kuizima na kuiwasha. Acha na kutafuta pia. Iambie kompyuta we mwenyewe printa iko wapi, ni kazi ya dakika kumi hivi, na ukiifanya vizuri mara moja unaweza ukakaa miaka hujaigusa tena.

Mi nimeunga printa nyingi na nimeitwa kurekebisha nyingi zaidi ya hizo, na kama kuna kitu kimoja nataka uondoke nacho hapa ni hiki, shida nyingi tunazoita za printa ni shida za anwani. Printa imehama namba, kompyuta bado inabisha hodi nyumba ya zamani. Watu wanafuta draiva (ile programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na printa), wanaweka upya, wanafuta tena, siku imeisha. Kwa hiyo tunaanza na anwani kabla hata ya kuigusa kompyuta.

Printa kwanza

Printa iwe imechomekwa kebo kwenye ruta au swichi (kile kisanduku cha kuunganishia kebo nyingi za mtandao), au iko waifai, inapewa namba na ruta kama simu yako inavyopewa. Hiyo ndo anwani ya IP, kitu kama 192.168.1.50 au 10.0.0.23. Sasa ile namba ruta inaikodisha tu, muda ukiisha au umeme ukikatika kila kitu kikawaka upya, printa inaweza kurudi na namba nyingine, jana ilikuwa 50 leo ni 57, na kompyuta haina habari inaendelea kutuma kwenye 50. Hapo ndo unaona neno "Offline" na printa iko hai kabisa.

Kuipata hiyo namba, kama printa ina skrini ingia kwenye menyu ya mtandao, mara nyingi imeandikwa "Network" au "Setup", utaiona humo au utaona sehemu ya kuchapa ripoti ya mtandao. Zisizo na skrini nyingi zina batani unaishikilia sekunde kadhaa inatoa karatasi yenyewe, ila kila kampuni na batani yake kwa hiyo fungua kitabu chake usibahatishe, maana batani nyingine ukishikilia sana inafuta setingi zote. Mi napenda karatasi kuliko skrini. Karatasi unaiweka mezani ukiwa unaandika namba, na ina kila kitu: anwani ya IP, "Subnet Mask" inayoonyesha sehemu gani ya anwani ni ya mtandao, na MAC, namba ya utambulisho ya kifaa chenyewe, ambayo ni jozi sita za herufi na namba, hiyo MAC iwekee alama na kalamu tutaihitaji.

Soma namba kabla ya kuendelea. Ikiwa ni 0.0.0.0 au inaanza na 169.254 maana yake printa haijapewa anwani yoyote, imejipa yenyewe ama haina kabisa, na ukiendelea unapoteza muda. Rudi kwenye kebo, pale inapoingia nyuma ya printa kuna kataa kadogo kanatakiwa kawake. Kama ni waifai hakikisha pasiwedi, na kumbuka printa nyingi zinashika waifai ya 2.4 GHz tu, ukiipa jina la ile ya 5 GHz haitaiona hata uikalishe juu ya ruta.

Halafu angalia na namba ya kompyuta. Windows fungua Command Prompt andika `ipconfig`, Linux andika `ip a`, Mac iko kwenye setingi za mtandao. Kama mask ni 255.255.255.0 basi zile namba tatu za mwanzo zinatakiwa zifanane, kompyuta 192.168.1.20 na printa 192.168.1.50 hao ni majirani. Kompyuta 192.168.0.20 na printa 192.168.1.50 hao wako mitaa tofauti, na mara nyingi sababu ni kwamba kuna ruta mbili, mtu aliongeza ya pili kuvuta waifai ifike mbali nayo ikaanza kugawa namba zake. Nyingine inayosumbua sana ni waifai ya wageni, ile imetengenezwa makusudi vifaa visionane, kwa hiyo laptopu ikiwa huko intaneti unapata vizuri tu ila printa huipati ng'o. Na VPN, ile programu ya kupitisha intaneti yako kwenye mtandao mwingine, ukiwa umeiwasha inaweza kukukatia mtandao wa hapo hapo, izime kwanza ujaribu.

Sasa andika `ping 192.168.1.50`, ni amri ya kuuliza kama kifaa chenye anwani hiyo kipo, weka namba yako. Ikijibu vizuri, usiishie hapo. Chukua ile namba uiandike kwenye brauza kama unavyoandika anwani ya tovuti, `http://192.168.1.50`, printa nyingi za mtandao zina ukurasa wake ndani, utaona jina lake, hali ya tona au wino, trei. Brauza ikikuonya kuhusu cheti cha usalama usiogope, ni printa yako iko mtandao wako. Huu ukurasa ndo ushahidi wangu, nikishauona najua kilichojibu ni printa kweli na sio kitu kingine, na hiyo "kitu kingine" siyo maneno ya kutishia watu, imenikuta.

Kuna ofisi moja nilihangaika nayo siku mbili. Printa inafanya kazi asubuhi, ikifika saa nne inapotea, jioni inarudi. Tumebadilisha kebo, tumebadilisha tundu kwenye swichi, draiva nimeweka upya kwenye kompyuta tatu. Mwisho nikachomoa kabisa kebo ya printa, ikabaki pale haina mtandao, nikaping ile namba, ikajibu. Nilikaa nikaitazama skrini. Printa imechomolewa na anwani yake inajibu! Kumbe aliyeiweka aliandika namba kwa mkono ndani ya zile namba ambazo ruta inagawia watu, na printa ilikuwa inazimwa kila jioni, ruta ikaona namba iko wazi ikampa mtu kwenye simu yake. Huyo mtu akifika kazini saa nne wanagombania anwani moja. Tangu siku hiyo jaribio la kuchomoa kebo na kuping silisahau, na we liweke kichwani, linachukua nusu dakika.

Ipe printa namba isiyohama

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kwenye ruta, ingia kwenye ukurasa wa ruta tafuta sehemu ya DHCP, ndo mfumo wa ruta wa kugawa namba, kuna kitu kinaitwa "Address Reservation" au "Static Lease" kutegemea na ruta, hapo unaandika ile MAC uliyowekea alama na namba unayotaka iwe inapewa siku zote. Zima printa washa, imekuja na namba ile ile, basi.

Ya pili ni kwenye printa yenyewe, menyu ya mtandao unatoa "Auto" au "DHCP" unaweka "Manual", unajaza IP, mask na gateway ambayo ndo anwani ya ruta. Ukifuata hii chagua namba iliyo nje ya zile ruta inazogawa. Mfano ruta inagawa kuanzia 192.168.1.100 mpaka 192.168.1.199, we ipe printa 192.168.1.50, na uping hiyo 50 kabla hujaitumia uone kama kuna mwenye nayo.

Mi nachagua ya kwanza kila ninapoweza kuingia kwenye ruta. Namba zote zinakaa sehemu moja unaziona, na siku printa ikifutwa setingi zote bado itarudi kwenye namba yake kwa sababu ruta inaijua kwa MAC. Ila angalizo, printa ikiwa na kebo na waifai vyote, kila kimoja kina MAC yake, ukiandika ya waifai halafu ukachomeka kebo reservation haitashika.

Windows

Nenda Settings, kisha "Bluetooth & devices", kisha "Printers & scanners", bonyeza "Add device". Itaanza kutafuta, iache. Baada ya sekunde kadhaa chini yake patatokea maneno ya kuongeza kwa mkono, "Add manually" au yanayofanana na hayo, yanabadilika kidogo toleo hadi toleo. Ukibonyeza linafunguka dirisha lenye machaguo kadhaa, chagua "Add a printer using an IP address or hostname".

Hapa ndo watu wengi wanapita haraka na ndo panapoharibika. Kwenye "Device type" imewekwa "Autodetect", usiiache, badilisha iwe "TCP/IP Device". Ukiiachia ichague yenyewe inaweza kukuwekea poti (njia ambayo kompyuta inapitishia kazi kwenda kwa printa) ya aina ya WSD, ile ni njia ya printa kujitangaza yenyewe mtandaoni, inafanya kazi siku ya kwanza kila mtu anafurahi, halafu printa ikilala au mtandao ukiyumba kidogo Windows inasema haipo. Zile printa zinazopotea potea bila sababu, nenda kaangalie, nyingi utakuta ziko kwenye WSD.

Kwenye anwani andika namba yako. "Port name" inajijaza yenyewe, iache. Chini kuna tiki ya kuiambia Windows iulize printa na ichague draiva, mi naitoa hiyo tiki kama najua draiva ninayotaka, kama hujui iache haina ubaya mkubwa. Endelea. Ikikaa sana halafu ikaleta dirisha la "Additional port information required" usidhani umekosea, haikupata majibu iliyotaka, chagua "Standard" na "Generic Network Card" uendelee, hiyo itatuma kwa njia ya RAW poti namba 9100 (hapa poti ni kama mlango wenye namba kwenye printa) ambayo printa nyingi sana za mtandao zinaielewa. Kuna na LPR, inatumia poti 515, hiyo inataka na jina la foleni, kama kitabu cha printa hakijakwambia uitumie achana nayo.

Likija suala la draiva, ushauri wangu ni uishushe mapema kutoka tovuti ya kampuni iliyotengeneza printa, uiweke kwenye folda unayoijua, halafu kwenye orodha ubonyeze "Have Disk" uonyeshe hiyo folda. Faili iliyoshushwa kama ni ile ya kujifungua yenyewe ifungue kwanza, "Have Disk" inatafuta faili lenye kuishia na .inf. Ukikuta draiva mbili, PCL 6 na PostScript, hizo ni lugha mbili za kuielekeza printa, kwa barua na kazi za kawaida za ofisi chukua PCL 6, kwa watu wa michoro na PDF nzito chukua PostScript, lakini hakikisha kwanza printa inaielewa maana sio zote zina PostScript. Printa ndogo za bei ya chini nyingi hazielewi hata moja ya hizo, kazi yote inafanywa na kompyuta, kwa hiyo lazima draiva yake yenyewe.

Draiva isiyoendana utaijua tu. Unatuma ukurasa mmoja, inatoka karatasi ina mstari mmoja juu wa alama za ajabu, halafu nyingine, halafu nyingine, haisimami. Usihangaike na kompyuta kwanza, vuta trei ya karatasi itoke, bonyeza batani ya kufuta kwenye printa, ndo urudi kwenye kompyuta ufute kazi kwenye foleni. Ukianza na kompyuta karatasi zote zitaisha.

Mwisho ipe jina linaloeleweka, "Printa ya Mapokezi" ni bora kuliko lile jina refu la kiwandani, chagua isishirikishwe, chapa ukurasa wa majaribio.

Na kama printa ilikuwepo tayari ila imehama namba au iko WSD, huna haja ya kuifuta! Fungua "Printer properties", nenda "Ports", bonyeza "Add Port", chagua "Standard TCP/IP Port", "New Port", andika namba, maliza. Tiki inahamia kwenye poti mpya na kila kitu kingine kinabaki kama kilivyokuwa. Natamani kila mtu anayehudumia kompyuta za ofisi aijue hii, ingeokoa mchana mwingi sana.

Hapo hapo kwenye "Ports" kuna "Configure Port", ndani yake kuna tiki ya "SNMP Status Enabled". Hiyo Windows inaitumia kuiuliza printa hali yake, na printa isipojibu hayo maswali Windows inaamua iko offline hata kama ping inajibu na ukurasa wake unafunguka. Itoe tiki, jaribu tena.

Kazi zikikwama kwenye foleni hazitoki wala hazifutiki, fungua Command Prompt kama admini, andika `net stop spooler`, hiyo inasimamisha huduma ya Windows inayopanga kazi za kuchapa, nenda kwenye folda ya `C:\Windows\System32\spool\PRINTERS` ufute faili zilizomo, faili tu folda usiiguse, halafu `net start spooler`. Itafuta kazi zote zilizokuwa zinasubiri kwa hiyo waambie wenzako kwanza.

Mac na Linux

Mac ni fupi. System Settings, "Printers & Scanners", ongeza printa, juu ya dirisha linalofunguka kuna alama ya tufe, hiyo ndo ya IP. Andika namba, kwenye "Protocol" jaribu AirPrint kwanza, njia ya Apple ya kuchapa, ikikubali huhitaji draiva yoyote, AirPrint ipo tangu 2010 na printa nyingi za baada ya hapo zinayo. Ikikataa nenda IPP, njia ya kawaida ya kuchapa kupitia mtandao, ikikataa tena chagua "HP Jetdirect - Socket", usitishwe na jina, ni ile ile poti 9100 na inafanya kazi hata printa ikiwa ya kampuni nyingine. Kwenye "Use" angalia isibaki kwenye "Generic" kama draiva yake ipo, ukiacha hivyo mara nyingi unakosa kuchapa pande mbili na kuchagua trei.

Linux karibu zote zinatumia CUPS, ndo mfumo wake wa kuchapa, fungua brauza uandike `http://localhost:631`, sehemu ya "Administration" ndo unaongezea. Au kama unapenda kuandika:

`sudo lpadmin -p mapokezi -E -v ipp://192.168.1.50/ipp/print -m everywhere`

Hiyo "everywhere" inaifanya CUPS iiulize printa yenyewe inaweza nini, hakuna kutafuta draiva. Printa ya zamani isiyojua hiyo mambo utatumia `socket://192.168.1.50:9100` na draiva yake.

Kuhusu kupitia kompyuta ya mwenzako

Wengine wanaweka printa kwenye kompyuta moja halafu wanaishirikisha, wengine wanaipata kwa `\\jinalakompyuta\printa`. Inafaa kama printa ni ya kebo ya USB tu na huna jinsi. Ila kama printa ina mtandao wake siioni sababu, kompyuta hiyo ikizimwa wote mmekosa. Tena tangu Agosti 2021, baada ya ule udhaifu wa usalama kwenye uchapaji wa Windows ulioitwa PrintNightmare, Windows inataka admini ndo aweke draiva inayotoka kwenye kompyuta nyingine, kwa hiyo mtu wa kawaida anabaki anaombwa pasiwedi asiyo nayo. Kila kompyuta iende kwa printa moja kwa moja kwa anwani yake.

Imekubali, lakini bado

Ukurasa wa majaribio ukitoka usiondoke. Fungua PDF ya kweli uchape. Mara nyingi hapo ndo printa inasimama, taa inawaka inazima, inaomba karatasi na trei imejaa. Angalia saizi, draiva imewekwa Letter na kwenye trei kuna A4. Zinakaribiana kwa macho lakini sio sawa, Letter ni milimita 216 kwa 279, A4 ni 210 kwa 297, printa inasubiri karatasi ambayo hutaipa kamwe. Badilisha kwenye "Printing preferences" na pia kwenye "Printing defaults" iliyo ndani ya "Printer properties", ya kwanza ni yako wewe, ya pili ni ya kila anayetumia hiyo kompyuta. Na kama ina uwezo wa pande mbili au trei ya ziada na huzioni, ni "Device Settings", unaiambia draiva kwamba hivyo vitu vipo, kwa sababu ukiweka kwa mkono mara nyingi haijui.

Windows pia ina tabia ya kubadilisha printa kuu kufuata uliyotumia mwisho, toa "Let Windows manage my default printer" halafu uchague mwenyewe.

Weka pasiwedi kwenye ule ukurasa wa printa, nyingi zinatoka kiwandani na pasiwedi inayojulikana au hazina kabisa, yeyote aliye kwenye mtandao anaweza kuingia akabadilisha ile anwani uliyoihangaikia. Na usije ukafungua poti 9100 kwenye ruta kwenda nje ili uchape ukiwa mbali, printa hiyo itapokea chochote kutoka kwa mtu yeyote duniani.

Kisha chukua kipande cha karatasi, andika jina la printa, anwani yake ya IP na MAC, bandika kwa gundi ya plastiki ubavuni mwa printa, sio mbele panapofunguliwa kila siku. Kompyuta ya pili na ya tatu utaziunga ukiwa umesimama hapo hapo unasoma.